Uliza Maji Kwanza, Bichi Baadaye

Kila Desemba malalamiko ni yale yale katika matatu za kutoka Malindi kurudi Mombasa. Mtu kasafiri usiku kucha kutoka Nairobi, kalipia chumba Watamu kwa bei ya sikukuu, kaamka, kanywa chai taratibu, na ilipogonga saa nne asubuhi kashuka ufuoni na watoto, taulo begani. Bahari haipo. Mbele yake ni uwanda wa mchanga, mawe na majani, na maji yameenda zake huko mwambani, unaona mstari wa povu tu. Anapiga picha mbili, anarudi chumbani, na wiki nzima inayofuata anawaambia watu kwamba Watamu inasifiwa bure. Laiti angerudi pale pale saa kumi alasiri, angeyakuta maji yamemfika kifuani, yametulia, rangi ya feruzi. Lakini saa hiyo yuko kwenye kidimbwi cha hoteli, kidimbwi ambacho angekipata Athi River bila kupanda basi.

Mimi ni mtu wa huku, na bahari hii sichoki nayo. Nikipata nusu siku isiyo na kazi, miguu hujua njia: leo Bofa, kesho Mayungu, na nauli ikiruhusu, Mambrui. Kwa hiyo watu huniuliza, bichi gani nzuri? Nami huwarudishia swali: unakwenda lini, na saa ngapi? Kuanzia Takaungu hadi ng'ambo ya mto Sabaki sijaona ufuo mbaya, ila nimeona watu wengi sana walioufikia kwa saa isiyo yake au kwa msimu usio wake.

Tuanze na maji. Bahari yetu hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na tofauti kati ya kujaa na kupwa si ya mchezo. Mwezi ukiandama, au ukiwa mpevu, tunaingia bamvua: maji hupanda na kushuka kwa mita 3 na zaidi. Mwezi ukiwa nusu, ni maji mafu: yanasogea mita moja hivi, hayatoki sana wala hayajai sana. Sasa shika hili, maana ndilo litakaloiokoa safari yako. Katika pwani hii bamvua ina saa zake. Siku za bamvua maji hujaa kati ya saa kumi na saa kumi na moja, alfajiri na tena alasiri, na hupwa kabisa kwenye saa nne na nusu, asubuhi na usiku. Siku za maji mafu mambo yanageuka: kujaa ni saa nne au saa tano za asubuhi, na kupwa ni alasiri. Kati ya hapo na pale, kila siku saa husogea mbele kwa dakika 50 hivi. Ukiijua tarehe ya mwezi, umeijua saa ya kuogelea.

Nenda pale wavuvi wanaposhonea nyavu, Malindi au Mayungu, uione hesabu hiyo ikifanywa. Mzee kakaa kwenye ubao wa mashua iliyopinduliwa, wavu umetandazwa mapajani, tundu moja kalishikilia kwa kidole gumba cha mguu ili lisimponyoke.

"Shikamoo mzee. Maji leo yakoje?"

"Marahaba. Leo mwezi kumi na sita." Jicho halijaondoka kwenye uzi. "Basi maji saa kumi na moja. Kama ni kuoga, njoo ukishaswali alasiri. Kama ni pweza, mwanangu, umeshachelewa."

Huyo hakutazama simu. Nawe huna haja ya kuwa mvuvi. Kalenda ya Kiislamu iliyotundikwa dukani ina tarehe za mwezi, na tarehe hizo ndizo anazohesabu mzee. Tarehe moja hadi nne, na kumi na nne hadi kumi na nane, ni bamvua. Karibu na tarehe nane na ishirini na mbili, maji mafu. Anayetaka dakika kamili atafute jedwali la maji la Kilindini, Mombasa, linalotolewa na mamlaka ya bandari, KPA. Tofauti ya Mombasa na Malindi ni ndogo mno kumsumbua muogeleaji. Programu za simu nazo zipo. Muhimu ni kutazama kabla ya kulipia chumba, maana wiki ile ile unayolipia ndiyo itakayoamua kama watoto wataogelea asubuhi au jioni. Mwenye watoto wadogo wanaosinzia mapema, kwa maoni yangu, atafute wiki ya maji mafu: bahari imejaa asubuhi, na saa sita mchana mko kivulini mnakula.

Hilo halina maana kwamba kupwa ni hasara. Kwangu mimi, asubuhi ya bamvua ni nusu ya raha yote. Maji yakitoka Watamu, unatembea kwa miguu hadi kwenye vile visiwa vidogo vya mawe ndani ya ghuba, vilivyoliwa chini na mawimbi hadi vikabaki na umbo la uyoga. Garoda na upande wa Jacaranda, fungu la mchanga hutokeza na kuacha vidimbwi vya maji safi, vuguvugu, ambamo hata mtoto wa miaka mitatu hukaa bila kumpa mama yake kiwewe. Ndani mna viti vya pweza, wekundu na wa rangi ya mchanga. Waangalie walipo, usiwanyanyue kwa ajili ya picha, maana hewa haiwafai, na mnyama aliyeshikwa na mikono ya watalii ishirini asubuhi moja hafiki jioni.

Vaa viatu lakini. Sandak za plastiki zinazouzwa sokoni zinatosha kabisa, na bei yake haifikii hata sahani ya samaki. Kwenye mawe kuna viumbe wenye miiba myeusi mirefu, na mwiba ukishavunjikia kisiginoni, likizo imekwisha. Watu wetu hupaka utomvu wa papai bichi ili mwiba ulainike. Kwenye mchanga ulio chini ya maji, buruza nyayo badala ya kuzinyanyua, ili taa aliyejifukia akusikie na akimbie. Akikuchoma, loweka mguu kwenye maji ya moto kadiri unavyoweza kuvumilia, kisha nenda hospitali. Usikae ufuoni kusikiliza kila mpita njia na dawa yake.

Na ukitembea kwenda kwenye visiwa au fungu, jua saa ya kurudi. Maji hayaji kwa mstari mmoja kutoka mbele. Hupita kwanza kwenye mikondo iliyo nyuma yako, na ukigeuka unakuta pale ulipovuka kwa vifundo sasa ni kiunoni. Nusu saa kabla ya kupwa kabisa, nenda. Nusu saa baada, anza kurudi.

La pili ni upepo. Kaskazi huvuma kuanzia Desemba hadi Machi, kusi huanza Aprili na kutawala hadi Septemba, na katikati kuna tanga mbili, upepo usiojua unataka nini. Wakati wa kaskazi bahari ya Watamu na Kilifi huwa safi na laini. Ndio msimu wa boti za kioo, wa miwani ya mbizi na wa bei kubwa. Kusi ni bahari nyingine kabisa. Mawimbi ni makubwa, maji yana vumbi la mchanga ndani, na mwani unarundikana ufuoni hadi magotini, una harufu, una viroboto wa mchanga. Baadhi ya hoteli hufunga Mei na Juni. Mgeni akiuona mwani ule hudhani watu wa huku ni wachafu. Ungezolewa wote, mchanga nao ungechukuliwa na mawimbi. Majani yale ndiyo yanayoushika. Viumbe wadogo nao hula humo, na ndege huwafuata.

Likizo ya Agosti huangukia kusi, nayo haina dawa. Lakini hata hapo usikate tamaa: tafuta mahali penye kinga. Ghuba ndogo za Watamu zimekingwa kiasi na vichwa vya mawe. Kriki ya Kilifi iko ndani, mawimbi hayafiki. Kriki ya Mida ni mikoko na maji ya kimya. Tena kuanzia Julai hadi Septemba nyangumi wa nundu hupita nje ya mwamba wa Watamu, wakitoka bahari baridi za kusini kuja kuzaa. Mwenye tumbo gumu la kustahimili boti anaweza kuwaona. Ukinilazimisha nichague mwezi mmoja tu wa mwaka, nitasema Oktoba. Kusi imechoka, kaskazi haijaanza, mvua ya vuli haijakaza, na wageni wa Desemba bado wanahesabu akiba.

Malindi ni kisa chake peke yake, na wengi huionea bila kujua sababu. Mtu anafika Januari, anatarajia maji ya bluu, anakuta ghuba ina rangi ya chai ya maziwa. Ni Sabaki. Mto huo unamwaga kaskazini tu mwa mji, na udongo unaobeba wakati wa mvua ni mwingi kupita kiasi. Kaskazi inapovuma, maji hayo husukumwa kusini, yakaingia ghuba ya Malindi. Kusi inapovuma, husukumwa upande wa Mambrui, na Malindi hupumua. Ndiyo maana Watamu inang'aa wakati ule ule Malindi imekuwa nyekundu, na umbali kati yao ni wa nusu saa tu kwa matatu. Na kabla mwenzetu wa Nairobi hajalalamika sana, akumbuke kwamba Sabaki ni jina la mwisho la mto ule ule unaoitwa Athi huko juu na Galana katikati, na kwamba mto wa Nairobi nao unaingia humo. Uchafu anaoukuta Malindi, mwingine alikuja nao kutoka kwao, ila ulitangulia kufika.

Udongo huo una kazi nyingine pia. Umeusogeza ufuo wa ghuba mbele, hadi majengo yaliyojengwa zamani karibu na maji sasa yana uwanda mpana wa mchanga mbele yake. Kwa kuogelea si pazuri; kwa kutembea jioni, kwa mpira wa watoto, kwa kukimbia alfajiri, sijui ufuo unaoushinda. Kwa hiyo Malindi mjini nenda na miguu, siyo na nguo ya kuogelea. Tembea kutoka gati hadi kwenye rasi yenye nguzo ya Vasco da Gama, aliyetia nanga hapa Aprili 1498 na kupewa rubani wa kumvusha hadi India. Nguzo yenyewe ni fupi, imesimama juu ya mawe, na wakati wa kusi wimbi hupiga chini yake hadi likakurushia chumvi usoni. Ukitaka kuingia majini, endelea kusini hadi Silversands na Casuarina, ambako kuna mlango wa hifadhi ya bahari.

Hifadhi za bahari za Malindi na Watamu zilianzishwa mwaka 1968, za kwanza nchini, na zinasimamiwa na shirika la wanyamapori, KWS. Lipa kiingilio kupitia mtandao wa serikali wa eCitizen kabla hujafika, ukiwa na kitambulisho, maana getini hawachukui noti na mtandao wa ufuoni una siku zake. Kisha kodi boti, na hapa nina ushauri mrefu kidogo. Vijana wa bichi watakujia. Usiwakimbie na usiwatukane. Wengi wao wanaujua mwamba kuliko ramani yoyote. Salimiana nao, ulizia hali, halafu mwelewane kila kitu kabla ya mguu kugusa ubao: bei ni ya boti au ya kichwa? Kiingilio cha KWS kimo au hakimo? Miwani ya mbizi imo? Chakula je? Tunarudi saa ngapi? Kila mtu ana jaketi la kuelea, na la mtoto linamtosha mtoto? Akisita kwenye swali hilo la mwisho, tafuta boti nyingine hata kama hii ni nusu bei.

Ukiwa majini, elea. Usisimame juu ya matumbawe kurekebisha miwani. Mwaka 1998 joto la El Niño liliua sehemu kubwa ya matumbawe ya pwani hii, na yaliyoota tangu hapo bado ni machanga. Kisigino kimoja kinavunja kazi ya miaka. Kome na makombe usiyachukue wala usiyanunue. Na plastiki: mifuko ilipigwa marufuku Agosti 2017, na tangu tarehe 5 Juni 2020 chupa za maji na vikombe vya kutumia mara moja haviruhusiwi katika hifadhi na fuo zilizolindwa. Beba chupa ya chuma au birika la nyumbani. Maji yatakaa baridi zaidi pia.

Mayungu, kati ya Watamu na Malindi, ni jina ambalo sasa limejaa kwenye simu za watu kwa sababu ya fungu lake la mchanga mweupe, lile ambalo Waitaliano hulifananisha na kisiwa cha Sardinia. Picha zile ni za kweli. Ila zote zimepigwa maji yakiwa yametoka. Fungu hilo hutokeza maji yakipwa na kuzama yakijaa, kwa hiyo asubuhi ya bamvua ndiyo siku yake. Ukienda siku za maji mafu utazungushwa baharini, uonyeshwe rangi nzuri chini ya maji, ulipe bei ile ile. Mwulize nahodha wazi: leo tutakanyaga mchanga, au tutautazama?

Nije Kilifi, ambako moyo wangu huegemea zaidi, sitaficha. Bofa ni mchanga mrefu, mweupe, laini, na watu wake si wengi kama wa Watamu. Maji yakijaa ogelea. Yakitoka tembea kuelekea kaskazini, mpaka uchoke mwenyewe. Tuktuk kutoka mjini hufika bila shida. Kriki, kwa upande wake, ina kina wakati wote, kwa hiyo haijali sana saa. Ndiyo kimbilio la siku ambayo hesabu ya maji imekukataa. Ogelea karibu na ukingo, ukitazama boti, na ujiepushe na mlango wa kriki maji yanapotoka. Maji yote yale yaliyoingia hadi ndani kwenye mikoko hutokea hapo kwa mkupuo, na hata muogeleaji wa nguvu hawezi kushindana nayo. Ukichukuliwa, usipambane kuelekea ulikotoka. Ogelea kwa ubavu hadi utoke kwenye mkondo, kisha ndiyo ugeuke nchi kavu. Maneno hayo hayo yanafaa kwa mlango wa Mida, na kwa kila mlango wa mwamba ambapo boti hupita.

Usiku wa giza maji ya kriki huwaka ukiyakoroga, kwa sababu ya vijidudu vidogo vinavyotoa mwanga. Hilo nalo ni suala la mwezi: nenda siku za mwandamo, usiende na mwezi mpevu halafu ukadai umedanganywa. Nenda kwa mashua, pamoja na mtu mwenye kuijua kriki. Mchana, panda Mnarani, kwenye magofu ya misikiti juu ya kilima. Ukisimama pale unaiona kriki yote na daraja lililofunguliwa mwaka 1991, ambalo lilimaliza foleni za feri za Kilifi.

Takaungu iko kusini kidogo mwa Kilifi, mji wa ukoo wa Wamazrui waliohamia huko baada ya kutolewa Mombasa mwaka 1837. Ufuo wake ni mdogo, uko mdomoni mwa kijito, na maji yakijaa unabaki utepe. Nenda maji yakitoka. Nenda pia umejisitiri. Takaungu, Mambrui, Shela ya Malindi na Watamu kijijini ni miji ya watu wenye misikiti na mabaraza, na njia ya kwenda baharini hupita mbele ya milango yao. Mwanamke ajifunge leso, mwanamume avae shati, nguo ya kuogelea ibaki ufuoni. Ukimkuta mzee barazani, salimu kwanza, ndipo uulize njia. Nimeona wageni wakipita kimya, macho kwenye simu, kisha wakishangaa kwamba hakuna aliyewaambia njia imefungwa.

Na njia kufungwa ni jambo la kweli. Mahali pengi ukuta wa hoteli au wa nyumba ya mtu umekutana na ukuta wa jirani, na ile njia ya wavuvi iliyokuwepo imebaki upenyo wa bega moja, au haipo kabisa. Jua haki yako. Katiba ya 2010, kifungu cha 62, imeihesabu ardhi yote iliyo kati ya mstari wa maji kujaa na ule wa maji kupwa kuwa mali ya umma. Askari wa hoteli anaweza kukuzuia kukaa kwenye kitanda chao; kukufukuza kwenye mchanga ambao bahari huufunika, hawezi. Zungumza naye kwa upole, ni kijana wa huku na ameajiriwa, lakini usiondoke. Tazama tu kwamba haki hiyo nayo hufuata mwezi: alasiri ya bamvua, mbele ya kuta zilizojengwa karibu mno, ardhi ya umma yote iko chini ya maji. Ukikosa njia, uliza bandari ya wavuvi iko wapi, au ofisi ya BMU, kikundi cha kusimamia ufuo. Palipo na mashua pana njia, na hapo hapo utapata samaki wa kununua, tafi au changu, akiwa bado anarusha mkia.

Ng'ambo ya Sabaki wageni hupungua. Mdomo wa mto wenyewe ni wa kutazama ndege, kuna korongo na heroe kwa wingi, lakini usiogelee: kuna viboko. Mambrui, kilomita 15 hivi kutoka Malindi, ina ufuo mpana wenye chembe zinazometa mchangani jua likipiga, na mji wa kale ambamo mwaka 2010 wanaakiolojia wa Kenya na China walifukua sarafu ya shaba ya enzi za mfalme Yongle wa China. Mbele zaidi wacheza tiara wa baharini wameipata pepo yao. Ukifika Ngomeni utaona majukwaa ya chuma yamesimama baharini. Ni ya kituo cha San Marco cha Waitaliano, na kutoka hapo tarehe 12 Desemba 1970 ilirushwa setilaiti iliyopewa jina Uhuru, kwa kuwa ilikuwa sikukuu yetu. Pwani hiyo haina vivuli wala vibanda. Beba maji, kofia na chakula.

Ukiwa Watamu usiku, hasa miezi ya kusi, zima tochi unapotembea ufuoni. Kasa hupanda kutaga, na mwanga humrudisha baharini kabla hajamaliza. Ukiona alama pana mchangani zilizotoka majini kwenda juu, usizikanyage. Wapigie Local Ocean Conservation, walioko Watamu tangu 1997, ambao hulinda viota na kuwalipa wavuvi kidogo ili kasa aliyenaswa wavuni aachiliwe badala ya kuchinjwa. Mayai hukaa mchangani miezi miwili hivi, na hakuna alama juu yake ila waliyoweka wao.

Saa ambazo bahari haikutaki, una pa kwenda. Magofu ya Gede yako kwenye njia panda ya Watamu, na tangu 2024 yamo katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO. Chini ya mibuyu ile mna kivuli hata saa saba mchana. Msitu wa Arabuko-Sokoke uko ng'ambo ya barabara. Huko Dabaso, mikokoni mwa Mida, kikundi cha wenyeji kina banda la chakula juu ya maji, na sambusa zao za kaa nimezisifu mpaka watu wakadhani nina hisa. Asubuhi Kilifi ni mahamri na mbaazi, jioni Malindi ni viazi karai vya moto vilivyotiwa ukwaju. Chakula cha ufuoni kina bei ya mgeni. Panda barabarani hatua mia mbili na bei inashuka.

Nisiwasahau majirani zangu, maana kuna watu waliozaliwa Kilifi na Malindi ambao bahari huiona kupitia dirisha la matatu tu. Wanasema bichi ni ya wageni, ni ya pesa. Nauli ya tuktuk na dafu moja, basi. Wewe unayetoka kazini saa kumi na moja, tazama kalenda: wiki ya bamvua, saa hiyo maji yamejaa Bofa na Silversands, na una saa moja hivi ya kuogelea kabla ya magharibi. Wiki ya maji mafu, saa hiyo yametoka. Basi ingia kriki, au acha hadi Jumamosi asubuhi, uende na watoto saa tatu, uwe umerudi kabla wali haujaiva.